Kurasa za Nyuma za Rejista ya Chanjo

Kwanza watu waliniuliza alinipiga lini. Nikasema hajanipiga. Wakaniuliza alinitukana vipi. Nikasema hajanitukana. "Sasa amekufanya nini?" Nilipojibu kwamba ananisalimia, walicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu yule alikuwa ananisalimia. Alinisalimia joshoni, alinisalimia mnadani, alinisalimia nilipotoka kanisani na nilipokwenda kisimani. Kisha akaanza kunisalimia katika sehemu ambazo hakuna mtu aliyejua kuwa nitakuwepo, na hapo ndipo nilipoanza kufunga mlango kwa komeo na kuuegemezea meza.

Mimi ni afisa mifugo katika kata ya Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Watu huniita daktari, na nilishachoka kuwasahihisha. Nachanja ng'ombe, nasimamia josho la kuogeshea ng'ombe, naandika vibali vya kusafirisha mifugo siku ya mnada. Kwetu ni Matongo, upande wa Tarime, ambako mama yangu anaishi mpaka leo. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne na sijaolewa, jambo ambalo majirani zangu walilichukulia kama ugonjwa ambao daktari mwenyewe ameshindwa kujitibu.

Yeye alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mgane, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Tulijuana siku nilipomzuilia ng'ombe wawili mnadani kwa sababu walikuwa wamevimba tezi chini ya masikio, dalili ya ugonjwa wa ndigana. Wachuuzi wengine wakizuiliwa huita mbingu na nchi. Huyu alitabasamu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Matongo. Akauliza ukoo gani, nyumba ya nani, nikamwambia hilo pia. Kwetu huwezi kumalizana na mtu bila kumweleza wewe ni wa nyumba gani. Ukikataa utaonekana huna kwenu. Nilimpa majibu yote kwa adabu, na nimeyajutia kila jibu.

Baada ya hapo zikaanza salamu, na baada ya salamu meseji. "Leo koti la kijani limekupendeza." "Mbona leo umepita njia ya juu?" "Nimekuona ila hukuniona." Nilipomwambia aache, alijibu, "Daktari, salamu ni kosa?" Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akaniuliza maswali yale yale ya kupigwa na kutukanwa, halafu akanipongeza. Mwenzangu ofisini alisema Mkurya akishaona, ameona, nivumilie tu. Sikujua ni nini hasa ninachotakiwa kuvumilia.

Nilikwenda Mugumu, kwenye dawati la jinsia la polisi, nikiwa na hotuba nzima kichwani. Nilimkuta askari mwanamke wa makamo, ana kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Nikahutubia. Nikasema ananinyanyasa, ananitesa, amenikosesha amani. Aliniacha nimalize, akafuta vidole.

"Daktari, usiniletee hasira," akasema. "Hasira haina tarehe. Nenda ukaandike. Siku, saa, mahali, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, alivaa nini, nani aliona. Usiandike alikuwa na nia mbaya, andika alisimama wapi. Meseji usifute hata moja, hata ikikuchefua. Piga picha kurasa zako kila wiki umtumie mtu mwingine, daftari moja huibiwa. Na kila jioni mtu mmoja unayemwamini ajue kesho yake utakuwa wapi."

"Na akinigusa?"

"Hapo huandiki. Hapo unakimbilia kwenye watu, kisha unakuja hapa."

Nilirudi nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Nilidhani nitatoka na askari wawili, nikatoka na kazi ya nyumbani. Lakini mimi ni mtu wa rejista, siwezi kujizuia. Nilichukua rejista ya zamani ya chanjo ambayo kurasa za nyuma zilikuwa tupu, safu zimeshapigwa mistari: tarehe, mwenye mifugo, kijiji, rangi, maelezo. Safu ya mwenye mifugo nikaifanya ya shahidi. Safu ya rangi niliiacha kama ilivyo, nikaijaza mashati yake.

Picha za kurasa nilimtumia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi Musoma. Mtu wa kumwambia ratiba hakunisumbua kumtafuta. Mama yangu hupiga simu kila jioni kwa kitochi chake, tangu niajiriwe, na tangu zamani huniuliza kesho naenda wapi. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilimjibu vizuri. Zamani ningesema "kazini tu". Sasa nikasema kijiji gani, josho gani, naondoka saa ngapi, narudi kwa njia ipi. Sababu sikumpa, maana presha yake hupanda kwa habari ndogo. Yeye alifurahi tu kwamba mwanawe amejifunza kuongea na simu.

Kumwandika mtu usiyemtaka ni kazi ya kukera sana. Unalazimika kumtazama. Nilikuwa nimezoea kugeuza uso nikimwona, sasa ikabidi niangalie shati, niangalie saa, nisikilize neno kwa neno ili nisije nikaliharibu. Kuna siku alisema jambo refu sana kuhusu mvua na nikajikuta namwomba kimoyomoyo amalize, nisisahau mwanzo wake. Nilikuwa karani wake, bila mshahara, naye hakuwa hata na habari. Jumanne, saa mbili asubuhi, joshoni, shati la bluu: "Daktari, umeamkaje." Alikaa juu ya pikipiki mpaka ng'ombe wa mwisho alipotoka. Alhamisi, saa tisa alasiri, njia ya kisimani, shati jeupe: hakusema kitu, alitembea nyuma yangu hatua kama ishirini, nikisimama anasimama.

Mashahidi ndio walinimaliza nguvu. Kila mtu alikuwa ameona na hakuna aliyetaka kusaini. "Mimi sitaki kesi, daktari." Mtu ambaye nilikesha na ndama wake akiwa hoi aliniambia hakumbuki kama siku ile alikuwa na macho. Aliyekubali ni mama mmoja muuza chai mnadani. Hakujua kuandika, wala sikuwa na wino, basi alichovya dole gumba kwenye rangi tunayowekea alama ng'ombe waliochanjwa, akaligandamiza kwenye safu ya shahidi. "Nimemwona," akasema. "Anakutazama kama anayechagua." Doa lile la kijani mpaka leo halijafutika.

Na bado alizidi. Hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Tangu nianze kujilinda, akazidi. Nilibadilisha njia, nikamkuta kwenye njia mpya. Nilikwenda kijiji ambacho sikuwa nimekitaja kwa mtu yeyote ofisini, nikamkuta amekaa kwenye benchi la duka, anakunywa soda. Niliwashuku bodaboda, nikaacha kupanda. Nikamshuku mwenzangu wa ofisini, nikaacha kumwamkia. Mama mwenye nyumba yangu alinishauri kuwa mtu wa namna ile huenda ana dawa. Nilikuwa nimefikia kiwango cha kumwamini.

Mama mwenye nyumba huyo alikuwa mwema, na wema wake ndio ulioniponza. Siku moja nilirudi nina njaa, nikamkuta ameivisha ndizi kwa nyama. Nikala sahani mbili. Nilipokuwa nalamba vidole akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba mkungu uliletwa na yule bwana. Nilitamani kuzitapika. Lakini rejista ni rejista. Huwezi kuandika ng'ombe aliyekufa kuwa yuko hai kwa sababu unaona aibu. Nikaandika: Ijumaa, saa nane, alileta mkungu wa ndizi nikiwa sipo, ukapokelewa na mama mwenye nyumba. Ukapikwa. Nilikula.

Siku mbili baadaye likatokea lile la Jumapili. Bafu letu lilikuwa la mabati, uani, nyuma yake mahindi. Nilikuwa naoga mchana, nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa bati, karibu kabisa, kikohozi cha mtu anayetaka ujue yupo. Kisha sauti: "Daktari, maji si ya baridi?" Niliingia ndani na povu mwilini, nikaketi chini ya dirisha, na nilipoweza kushika kalamu niliandika saa na maneno. Mkono uliharibu mstari mzima. Sikuwahi kuogopa hivyo maishani mwangu, na nimewahi kukanyagwa na fahali.

Kabla sijapata gari la kwenda Mugumu, mume wa mama mwenye nyumba alikuwa ameshapeleka habari kwa wazee. Aliona mambo ya majirani hayaanzii polisi, yanaanzia kwenye ritongo, baraza la wazee wanaosikiliza kesi za kijiji. Nilikubali. Nilijua nina daftari.

Walikuja wazee kumi na kitu na viti vyao. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Mtu yule alikuwepo, viatu vinang'aa, ametulia. Aliyepewa kazi ya kusoma ni mwalimu mstaafu, mzee wa miwani, ambaye pia aliandika muhtasari kwa mwandiko wa ubaoni. Alisoma rejista yangu kwa sauti, tarehe kwa tarehe, na kadiri alivyosoma niliona nyuso za wazee zinabadilika. Nikafikiri, sasa wameelewa.

"Hata siku ya mvua ile kubwa alikuja?" mmoja akauliza.

"Imeandikwa hapa, alikuja," mwalimu akajibu.

"Na kule kisimani?"

"Alikuja."

Wazee wakatazamana. "Huyu si mchezo," mmoja akasema, na sauti yake ilikuwa na heshima. "Vijana wa siku hizi wakikataliwa mara moja wanahamia kwingine. Mvumilivu hula mbivu."

Hebu fikiria kukaa pale na kuona ushahidi wako unageuka barua ya posa. Miezi mitano ya maisha yangu, kila mstari nimeuandika kwa woga, nao walikuwa wanahesabu bidii ya mwanaume. Mwalimu akafika kwenye ndizi. Wazee wakavuta viti karibu.

"Binti," mzee aliyekuwa anaongoza akasema polepole, "ndizi hizo mlizila?"

"Tata, sikujua zimetoka wapi."

"Sikuulizi zilitoka wapi. Ulikula?"

"Nilikula."

"Ameandika mwenyewe," mwalimu akaongeza, kana kwamba kuna aliyekuwa na shaka. Wazee wakapumua. Ndizi za mwanaume zimeliwa. Kilichobaki, kwa maoni yao, ni watu wa Matongo kuambiwa tarehe ya ng'ombe wa mahari kufika.

Nikasimama, nikasema bado kuna ya Jumapili, asome ya Jumapili. Mwalimu aliinamia ukurasa, midomo ikasoma peke yake. Akavua miwani. "Huu mstari haufai kusomwa mbele ya watu wazima," akasema, na akaruka. Basi. Jambo pekee ambalo lingewatoa kwenye ndizi lilirukwa kwa adabu.

Waliposema mtu yule ajibu, alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alikubali yote. Alisahihisha kidogo tu: siku moja niliandika shati jekundu, akasema lilikuwa la damu ya mzee. Baraza likacheka. "Na nyie wazee msinione mtu wa kuvizia," akamalizia. "Mimi sijamfuata huyu hata siku moja. Kila nilipokwenda, nilikwenda kwa taarifa."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Walikuwa wanaweka saini kwenye muhtasari, mmoja baada ya mwingine, naye pia akaweka yake, na mimi nilikuwa bado nalirudia neno lile: kwa taarifa.

Niliomba nakala ya muhtasari, mwalimu akanipa kwa moyo mkunjufu, akidhani naitunza kwa ajili ya sherehe. Nilipofika chumbani nilifungua rejista na kufanya kile ninachofanya ugonjwa ukiingia kijijini: huulizi ng'ombe gani wameumwa, unauliza wapi hawakuumwa. Nilitafuta siku ambazo hakutokea. Zilikuwa chache. Siku mnara wa simu ulipoharibika, hakutokea kesho yake. Wiki ambayo kitochi cha mama kilitumbukia kwenye ndoo, hakutokea wiki nzima. Nilijua nimeshapata jibu, na nilikaa na rejista mapajani nikilitafuta jibu lingine.

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako naijua tangu darasa la pili. Haikunisaidia kitu. Jioni mama alipopiga, nikamwambia kesho naenda Sirari kutafuta viatu vya mvua, kwa sababu kule vya Kenya ni imara. Ofisini niliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesikia neno Sirari.

Nilishuka pale mpakani saa nne. Katikati ya malori na wabadilisha fedha nilisimama kwenye kibanda cha viatu, na mwanamke aliyekuwa anauza, wa upande wa Isebania, akaninong'oneza bila mimi kuuliza. "Sister, huyo jamaa wa viatu safi ni wako? Ako hapa tangu asubuhi, anauliza kama kuna dada wa Serengeti ametokea." Nilitazama. Akanipungia mkono. Niliandika hapo hapo, nimesimama, saa na mahali na rangi ya shati, na mwanamke yule akasaini bila kubembelezwa. Kisha akanipitisha nyuma ya vibanda mpaka stendi, akasubiri gari liondoke. Nikaenda Matongo.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Alifurahi kuniona, kisha akaniona vizuri, akaweka ungo chini.

"Mama, kuna mtu unamwambia ninakokwenda?"

"Kuna yule mchuuzi," akajibu bila hata kufikiri. "Mtu mzuri. Alikuja hapa na adabu zake, akasema mwanao anapita njia mbaya peke yake, na wanyama, na watu. Nikamwambia basi mwanangu, niangalizie. Hupiga kila jioni nikishaongea na wewe." Akanitazama kwa fahari kidogo. "Ningekuwa na mtoto wa kiume ningemtuma yeye. Sikutaka uwe peke yako huko."

Nilikuwa nimepanga kufoka. Njia nzima kutoka Sirari nilikuwa nafoka kimoyomoyo. Lakini utamfokea nani hapo? Nikatoa rejista, na kwa kuwa mama hajui kusoma, nikamsomea. Salamu zilimpita. Kisima kilimfanya aache kuchezea ulezi. Ndizi akazipungia mkono, "Njaa haina posa." Nikafika kwenye mstari wa Jumapili uliopinda, nikausoma wote kama ulivyo, bati, kikohozi, maji ya baridi.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Akauliza Jumapili ipi, nikamwambia. "Jumamosi yake jioni uliniambia kesho utapumzika nyumbani," akasema. "Nikamwambia kesho yuko nyumbani, anafua na kuoga." Alifunika mdomo kwa khanga.

Kesho yake nilikwenda Mugumu na rejista, simu yenye meseji zote, na muhtasari wa wazee. Askari wangu alisoma muhtasari mara mbili, akaanza kutabasamu. "Daktari, ulilalamika huna mashahidi. Hapa amekiri kila tarehe, akasaini, na wazee kijiji kizima wakasaini chini yake." Walimwita mtu yule, wakamhoji, jalada likafunguliwa, na viatu vile sijaviona tena Nyansurura. Lakini kabla ya hayo, maelezo yangu yalikuwa na pengo moja. Nani alikuwa anampa taarifa? Nilishika kalamu nikaiweka chini. Nikasema hilo sijui.

"Unajua," askari akasema.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi kando yangu. Alikataa katakata kubaki Matongo. Alipanda magari mawili na presha yake. Akajivuta mpaka kwenye meza, akanyoosha dole gumba. "Niandikeni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa namwambia. Wekeni hapo wino."

Bado hupiga kila jioni. Haulizi tena kesho naenda wapi. Huuliza tu kama nimekula. Basi namwambia mwenyewe, kijiji gani, josho gani, narudi saa ngapi, kwa sababu mtu mmoja lazima ajue. Nikimaliza, mama hujibu, "Sijasikia kitu," na kukata simu.